Agwang wa Kirewa

Siku lori lilipomkanyaga Apendi, wanawake wenzake walimbeba juu ya mlango wa kibanda cha chapati, na mwenye kibanda akawafuata hadi zahanati akiudai mlango wake.

Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ameacha unga, mafuta na jiko ndani ya kibanda kisicho na mlango, na Busia si mji wa kuacha kitu wazi. Muuguzi akiwa bado anamfunika Apendi uso, yule bwana alisimama pembeni akauliza, kwa adabu kabisa, nani angeusafisha. Agwang aliusafisha. Aliusugua kwa mchanga na kipande cha sabuni, akajitwika, akaurudisha, kisha akaushikilia wima wakati mwenyewe akigongomea bawaba.

Kazi iliyomuua Apendi ndiyo kazi ya Agwang pia. Malori ya nafaka yanayosubiri kuvuka kwenda Kenya hupanga foleni upande wa Uganda, na kila gunia lililotoboka huacha mahindi barabarani. Wanawake huyafagia, huyapepeta kuondoa vumbi na mawe, kisha huwauzia wapika pombe ya malwa na wafuga kuku. Mahindi mengi hulala chini ya lori, katikati ya magurudumu, kwa hiyo huko ndiko wanakoingia. Kabla ya kuingia, mwanamke huvua ndara moja na kuiweka juu ya kipandio cha dereva. Ndara ikiwepo, lori haliondoki. Hakuna aliyeiandika sheria hiyo, lakini madereva wa njia ile waliijua kama walivyojua breki zao. Dereva wa siku ile alikuwa mgeni. Foleni iliposogea aliona ndara chakavu kwenye kipandio chake, akaisukuma kwa mguu, akawasha gari.

Agwang aliiona damu na akalala. Kilichomkosesha usingizi ni kilichofuata. Mwili wa Apendi ulikaa mochari huku watu wa kwao wakisema aliondoka zamani kwenda kwa mwanamume, basi mwanamume azike. Watu wa mwanamume nao wakasema hakuna hata ng'ombe mmoja aliyewahi kutoka kwao kwa ajili yake, basi hakuwa mke wao. Pande zote mbili ziliogopa jembe. Anayemchimbia mwanamke kaburi amekubali mbele ya watu kwamba ni wake, na akishakubali, mahari yatadaiwa hata juu ya jeneza. Mwishowe vibarua wa mji walimzika katika kiwanja kilicho nyuma ya dampo, shimo moja na maiti nyingine zisizo na wenyewe. Agwang na rafiki yake Quinter walipofika walikuta udongo umeshasawazishwa.

"Sasa mtu akimtafuta, tutamwonyesha wapi?" Quinter aliuliza.

Agwang alikuwa akijiambia kitu kimoja tu: mimi nina kwangu.

Kwake palikuwa Kirewa, mbele ya Tororo, kwa bwana aliyeitwa Oketcho. Alikuwa amejenga huko nyumba ya matofali ya udongo, na kila bati la paa lake lilitoka chini ya lori. Mlango wa chuma, wa rangi ya buluu, aliununua mwenyewe na kuusindikiza kwa bodaboda, akiushikilia kwa mikono miwili njia nzima hadi vidole vikafa ganzi. Kando ya migomba palikuwa na kaburi dogo la saruji la binti yao Aanyu, aliyeondoka kwa malaria kabla hajajua kutamka jina lake. Busia nzima ilimwita Agwang Mama Aanyu, na ni wachache waliojua kwamba huyo Aanyu hakuwepo. Pembeni ya kaburi hilo kulikuwa na nafasi. Agwang alikwisha kumwonyesha Oketcho: siku yangu, hapa. Oketcho akasema sawa.

Kweli, Oketcho hakuwahi kupeleka ng'ombe Mella kwa kina Agwang. Kila mwaka alisema mwaka ujao. Agwang hakumsumbua. Aliona nyumba inatosha kuwa ushahidi. Mwanamke hawezi kujenga nyumba mahali akawa mgeni hapo.

Basi alipokuja Lenox na ndoo zake za rangi, Agwang alikuwa na sababu yake ya kukubali.

Lenox alikaa upande wa Kenya na kazi yake ilijulikana pande zote mbili. Aliandika misalaba, na alichora sura za marehemu kwenye ubao wa kutangulizwa mbele ya jeneza. Alikuwa fundi. Wajane walizimia mbele ya mbao zake. Ukimwona Lenox anachora uso wa mtu, swali lako lilikuwa moja tu: mazishi lini? Lakini safari hii alitaka kuchora mtu mzima, aliye hai, kwenye ukuta mrefu wa ghala unaotazamana na foleni ya malori, ili madereva wawaone wafagiaji hata kama hawataki. Mwenye ghala aliutoa ukuta na akanunua rangi. Lori lililomkanyaga Apendi lilikuwa likileta mzigo kwake, na watu walikuwa wameanza kumwangalia vibaya. Rangi ilikuwa rahisi kuliko jeneza.

Lenox angependa kumchora Apendi mwenyewe. Hakuna aliyekuwa na picha yake. Kitambulisho chake kilibaki mochari, na hapo mochari hawakujua tena kiko wapi.

"Basi nani atasimama?" Lenox aliwauliza wanawake. Wote walitazama mahindi yao.

"Mimi nichorwe na wewe?" Quinter alisema. "Bado nakula, kijana. Tafuta mwingine."

"Nasimama mimi," Agwang akasema.

Alisimama asubuhi kadhaa, ufagio mkononi, mguu mmoja bila ndara, huku Lenox akipanda na kushuka ngazi.

"Mathe, inama kidogo. Hapo hapo. Usicheke, sichori bango la kura."

"Nani anacheka? Ni jua nafanya macho yangu hivi."

"Lenox, mchore vizuri," Quinter alipaza sauti kutoka chini ya lori. "Mikono yako imezoea watu wamelala. Usije ukamfunga macho."

"Quinter, ukiendelea na mdomo nakuweka hapa pembeni yake."

"Thubutu! Nitakuja na chokaa nijifute!"

Picha ilipokaribia kwisha, Agwang aliomba kitu chake. "Andika jina yangu. Agwang. Na hapo chini andika, wa Kirewa."

"Si tuandike Busia, mathe? Hapa ndio unafanya kazi."

"Watu ya hapa wananijua. Nataka mtu akiniokota, ajue ananipeleka wapi."

Lenox alichovya brashi na kuandika: AGWANG WA KIREWA. Halafu, kwa sababu nafasi kuzunguka kichwa ilionekana tupu, mkono wake ukaijaza kwa maua meupe, petali kwa petali, kama ulivyofanya kwenye mbao zote alizowahi kuchora. Hakufikiri. Agwang aliyaona akayapenda. Hakuna mtu aliyewahi kumpa maua.

Ni Quinter peke yake aliyesimama mbele ya ukuta muda mrefu, kichwa upande. "Mama Aanyu," alisema, "umekufa lini bila kunialika? Hata sahani ya wali sikuonja."

Wakacheka wote, Agwang kuliko wote.

Wiki haikuisha. Mwendesha bodaboda mmoja wa Kirewa aliyeleta kuku sokoni alipita pale, akamwona mwanamke wa kijijini kwao, mkubwa kama nyumba, katikati ya maua, jina na kwao vimeandikwa chini. Mkono wa Lenox aliujua. Alivua kofia, akasimama kidogo, akaondoka na habari. Hakuuliza mtu. Nani huuliza kama maiti imekufa? Huko Kirewa walijaribu kumpigia Agwang, lakini simu yake ilikuwa imepondwa na gurudumu tangu msimu wa mvua, na kila walipopiga, sauti ya mwanamke ikawaambia haipatikani. Basi ikawa imethibitika. Habari ikaendelea hadi Mella.

Siku habari hiyo ilipomfikia mwenyewe, Agwang alikuwa chini ya lori. Kutoka huko huona miguu tu, na aliona miguu anayoijua: buti za mpira zilizokatwa vidoleni, za kaka yake Engole. Kando yake palikuwa na viatu vya kanisani, vya Ecweru, mtoto wa baba yake mdogo. Wamesimama mbele ya ukuta. Agwang alitoka, akachukua ndara yake kwenye kipandio, akavuka barabara.

"Engole," aliita kwa Kiteso.

Kaka yake aligeuka akarudi nyuma hadi akagonga ukuta. Ecweru alifanya ishara ya msalaba mara mbili.

"Ni mimi. Shika mkono. Mmekula?"

Engole aliushika mkono, akaubonyeza kama mtu anayenunua nyama, kisha akakaa chini palepale kwenye vumbi. Alicheka. Halafu machozi yakamtoka akiwa bado anacheka, akayafuta kwa kofia.

"Tuliambiwa umekufa."

"Nani kasema?"

"Kila mtu. Na hii hapa ukutani je? Ina maua!"

Agwang aliinua macho akajiona, na safari hii aliyaona maua kwa macho ya wengine. Hata yeye alitaka kucheka. Kisha jambo jingine likamjia, likamjaa kifua.

"Kwa hiyo mmekuja kunichukua."

Engole aliichunguza kofia yake. Ecweru ndiye aliyejibu, kwa kuwa hakuwahi kujua kudanganya. "Tumekuja kuuliza uko mochari gani."

"Ili mnichukue."

"Ili tuwaambie wasikutoe. Mpaka Oketcho alete ng'ombe Mella."

"Asipoleta?"

"Angeleta tu," Engole alisema. "Maiti ikikaa, mtu huona aibu."

"Nimeuliza, asipoleta?"

Lori moja lilipiga honi.

"Ningekuwa Apendi," Agwang alisema. Hawakujua Apendi ni nani. "Na Oketcho, mmeongea naye?"

"Tulituma mtu," Engole alisema polepole. "Oketcho akamwambia yeye hana mke Busia."

Agwang aliwapeleka kwenye kibanda cha chapati, akawaagizia chai, akawatazama wakila. Walikuwa na njaa kweli. Mwenye kibanda aliwakaribisha vizuri. Kisha Agwang akajifunga leso kiunoni na kumkabidhi Quinter ufagio na ungo.

"Nakwenda Kirewa."

"Kufanya nini? Si umesikia vile amesema?"

"Watu wanasema. Mimi nataka kuona udongo. Kama wamechimba, wamechimba."

Alipanda bodaboda hadi Tororo. Safari nyingine zote alishuka sokoni chini ya mwamba mkubwa wa mji huo, akanunua sukari na sabuni za mama mkwe wake, na vitumbua akipata. Siku hiyo alipita soko bila kusimama, akapanda pikipiki nyingine. Njiani alijipa matumaini kidogo kidogo, kama mtu anayekunywa dawa. Huenda Oketcho alisema vile kwa sababu ya hasira. Wanaume husema neno mbele ya mjumbe na kufanya lingine nyuma ya nyumba. Huenda wamechimba na wanangoja tu mwili. Alianza hata kuwaza watakavyocheka wakilifukia shimo.

Uani hapakuwa na turubai. Hapakuwa na kuni zilizorundikwa wala majivu ya moto wa matanga. Kuku walitembea. Agwang alipita nyumba akaenda moja kwa moja kwenye migomba. Kaburi la Aanyu lilikuwa palepale, nyasi zimelipanda hadi juu. Pembeni yake ardhi ilikuwa ngumu, nzima, imeanikwa mihogo.

Hapo Winfred, dada yake Oketcho, akatoka jikoni na sufuria. Alikuwa amevaa gomesi ya Agwang, ile ya kijani yenye mkanda wa kung'aa, ambayo Agwang aliiweka sandukuni kwa ajili ya misiba ya wengine. Winfred alimwona. Sufuria ikaanguka, na yeye akakimbia kuelekea kwenye mtama akipiga mayowe, mkanda umefunguka na kuburuta nyuma yake kama mkia.

Mama mkwe, bi kizee Athieno, alikuwa ameketi kivulini akichambua maharagwe. Hakukimbia. "Kama ni mzimu, kaa," alisema. "Kama ni mtu, salimia."

Agwang akapiga magoti, akamsalimia.

"Basi ni mtu," Athieno alisema, akaendelea kuchambua.

Oketcho alitoka nyuma ya zizi. Alikuwa mrefu, mpole, mtu asiyewahi kumpigia mtu kelele. Alimtazama Agwang kwa muda, na uso wake ulifurahi kweli. Hilo ndilo Agwang hakumsamehe baadaye, kwamba alifurahi kweli.

"Tulisikia umekufa."

"Nilisikia mmesikia. Kaburi liko wapi?"

"Kaburi la nani, na wewe umesimama hapa?"

"La mwanamke mliyesikia amekufa. Huyo mlimchimbia wapi? Nimeangalia kwa mtoto. Nimekuta mihogo."

Oketcho aliitazama ile mihogo kama vile ingemsaidia kujibu. "Agwang, elewa. Ningechimba, kesho yake kaka zako wangefika na kamba za ng'ombe. Zizi unaliona. Kuna nini humo?"

"Mavi ya zamani."

"Sasa! Ukoo walikaa. Wakasema tukinyamaza, watu wa Mella watamchukua mtu wao. Hatukukutupa. Tulijua kwenu wapo."

"Na kwetu walijua kwako upo."

"Si kwamba sikukulilia. Nililia. Muulize mama."

"Alilia," Athieno alisema bila kuinua kichwa. "Alilia ndani."

Ndani, penye giza, asije jirani akamwona na kumwita mjane. Agwang alilielewa hilo bila kufafanuliwa. Aliwatazama wote wawili na hakupata hata mtu wa kumtukana. Oketcho hakuwa na ng'ombe. Engole hakuwa na ardhi ya kutosha hata kwa wanawe. Kila mmoja alikuwa amehesabu vizuri, na katika hesabu ya kila mmoja yeye alikuwa wa upande wa pili.

"Na gomesi yangu?"

"Nguo si mwili!" Winfred alipaza sauti kutoka kwenye mtama. "Nguo haina mahari!"

Agwang alisimama. Aliiangalia nyumba yake, mabati, dirisha moja, mlango wa buluu. Mabati yangehitaji siku nzima na watu. Akachukua jembe lililoegemea ukutani, akaingiza ncha yake chini ya mlango na kuubetua. Bawaba zilikuwa za kuning'iniza, za kuachia mlango ukiinuliwa. Mlango ukainuka kidogo, ukalia, ukatulia. Akabetua tena.

"Unafanya nini?" Oketcho aliuliza.

"Nachukua mlango wangu."

"Nyumba itabaki wazi!"

"Mmeshaingia, mmetoa nguo. Imekuwa wazi siku zote."

Hakumzuia, na hakumsaidia. Mlango ulipochomoka, ulimwelemea Agwang hadi akapiga goti moja, lakini mgongo wake ulikuwa umebeba magunia miaka yote ile, na ulijua pa kuuweka uzito. Aliuegemeza ukutani akatafuta pumzi.

"Agwang," Athieno alisema. Sasa alikuwa ameacha maharagwe. "Na mtoto?"

Njia nzima hakuwa amefikiria hilo. Alirudi kwenye migomba, akaisogeza mihogo, akaanza kung'oa nyasi kwa mikono. Zilikuwa na mizizi mirefu. Aling'oa zote. Akavua leso, akafuta saruji hadi likaonekana jina alilokuwa ameliandika kwa kijiti siku ile saruji ilipokuwa mbichi. Alikaa tu, kiganja juu ya saruji iliyopata joto la jua, kama anayepima homa.

Aliporudi alimwambia Athieno, "Huyo mlimzika wenyewe. Huyo ni wenu. Mtampalilia."

Bi kizee aliitikia kwa kichwa. Hakuna aliyeahidi kitu.

Alibeba mlango kichwani hadi njia panda. Penye bodaboda alikuwepo yule kijana wa kuku, yule aliyeileta habari. Alimwona Agwang akija chini ya mlango akashindwa kusimama vizuri.

"Mama, nisamehe. Niliona maua."

"Ulisema ulichoona. Funga vizuri, usije ukanidondoshea Tororo."

Asubuhi iliyofuata, Lenox alikuja mwenyewe. Quinter alikuwa amemwambia kila kitu, na hakumpunguzia. Alisimama chini ya picha yake, kofia mkononi kama kina Engole.

"Ni mkono, mathe. Mkono ulienda wenyewe. Nayafuta saa hii hii."

"Maua, wacha. Futa Kirewa."

"Niandike nini? Mella?"

"Mella hapana."

"Busia basi?"

Agwang aliutazama mji: foleni ya malori, wabadilisha fedha na mikoba yao, moshi wa dampo nyuma ya paa za mwisho. "Hapana andika kitu," alisema.

Lenox alikoroga rangi, akapanda ngazi, akafunika maneno mawili. Rangi ya ukuta haikulingana na ile ya kwanza. Palibaki kiraka, chepesi kidogo kuliko sehemu nyingine, kilichoonekana hata kutoka ng'ambo ya barabara. Juu yake lilibaki jina peke yake.

Mlango wa buluu ulikuwa umeegemezwa chini ya picha tangu jana. Watu wawili walikwisha kuuliza kama unauzwa.

"Utauza?" Quinter naye aliuliza.

"Kwako nyuma ya kitanda kuna nafasi?"

"Ya mlango? Mama Aanyu, mimi nina mlango tayari. Mwizi ataingia kwa ule, atatokea kwa huu?"

"Weka huko. Siku yangu ikifika, hapana kwenda kuomba kwa mwenye chapati. Mnibebe kwa hii. Na mtu asiwafuate nyuma."

Quinter alifungua mdomo. Kila mtu katika foleni ile alijua kwamba Quinter hakosi neno. Aliufunga tena. Baadaye alisema, kwa sauti ndogo, "Na tukishakubeba, tukupeleke wapi?"

"Hiyo bado nafikiri."

Quinter akashika upande mmoja, Agwang akashika mwingine, wakauinua. Ulikuwa mzito, na iliwabidi wapite katikati ya malori mawili yaliyosimama karibu karibu. Kwenye kipandio cha lori la kwanza palikuwa na ndara ya mwanamke, na dereva, mtu wa siku nyingi katika njia ile, alikuwa ameketi ameweka mikono mbali na usukani, akingoja mwenye ndara atoke. Aliwaona wanawake wawili wakija na mlango. Akatoa kichwa dirishani, akavua kofia.

"Poleni, akina mama. Nani amekufa?"

"Bado," Agwang akasema, na wakapita.